Frigiliana na Shangazi: ngazi, mifereji na asali ya miwa

Jumamosi

Ndege ya kutoka Köln ilitua Málaga kabla ya adhuhuri, na joto likatupokea pale pale mlangoni. Shangazi akavua sweta ambalo alikuwa amelishikilia tangu afike Ujerumani. "Angalau huku jua linajua kazi yake," akasema.

Shangazi ni dada wa baba yangu, mtu wa Kibosho, mlimani Kilimanjaro. Umri umevuka sabini, lakini shamba lake la migomba na kahawa hajamwachia mtu. Alipokuja kunitembelea, mke wangu alinionya nisimfungie ndani ya fleti atazame tramu zinavyopita. Nikaanza kutafuta mahali penye mlima, bahari karibu, na kanisa la kwenda kwa miguu. Frigiliana ikafaulu yote matatu: kijiji cheupe kusini mwa Hispania, kwenye miteremko ya milima ya Almijara, mita kama 300 juu ya bahari, na pwani ya Nerja iko kilomita sita tu chini yake. Tulikwenda mwishoni mwa Septemba, jua likiwa limeanza kupunguza ukali.

Basi la kutoka Málaga linafuata pwani kuelekea mashariki. Shangazi alisinzia mpaka tulipopita Torre del Mar, ndipo akaona miti kupitia dirishani na usingizi ukamwisha. Parachichi. Halafu maembe, miti mifupi iliyokatwa vichwa, mizigo ya matunda ikining'inia karibu na ardhi. Alinitazama kana kwamba nilimdanganya kwamba tunakwenda Ulaya. Nikamweleza kuwa wilaya hii, Axarquía, ndiyo inayolima maembe na parachichi kwa wingi huku, kwa sababu ile safu ya milima nyuma yake inazuia upepo wa baridi wa kaskazini. "Na maji wanatoa wapi?" akauliza. Sikuwa na jibu la maana. Swali hilo alilirudia wiki nzima.

Nerja tulibadilisha basi, tukapanda lile dogo la kijijini, kona baada ya kona. Mwenye nyumba tuliyopanga alikuwa ameandika kwamba nyumba iko "karibu kabisa na kituo". Ni kweli iko karibu, kwa ndege. Kwa binadamu ni ngazi, na tena ngazi, maana sehemu ya zamani ya kijiji, wanayoiita Barribarto, imejengwa kwa kupandana, paa la huyu ni sakafu ya ua wa yule. Magari hayafiki. Mimi nilihangaika na sanduku la magurudumu juu ya kokoto zilizopangwa kwa mapambo meusi na meupe. Shangazi alitoa kitenge, akasokota ngata, akajitwika begi lake, akapanda bila kushika ukuta.

Mama mmoja wa makamo yake alikuwa amekaa kwenye kiti mlangoni. Alipomwona akapiga makofi, akainuka, akaweka mikono yote miwili kichwani kama anayeshika mtungi, kisha akaonyesha kidole chini kule ilipo Fuente Vieja, chemchemi ya zamani ya kijiji. Hapakuhitajika mkalimani. Walisimama pale wakicheka, kila mmoja kwa lugha yake, na mimi nikapata nafasi ya kuhema.

Jumapili

Misa kanisa la San Antonio, lililojengwa 1676. Wenyeji husema hapo kabla palikuwa na msikiti. Shangazi hajui Kihispania hata kidogo, ila misa anaijua, na kila sehemu alijibu kwa Kiswahili, kwa sauti yake ya Kibosho isiyoogopa mtu. Watu wawili watatu waligeuka. Wakati wa kutakiana amani foleni ya kumshika mkono ikawa ndefu kuliko ya padri.

Baada ya hapo tukazunguka Barribarto kabla watalii wa kutwa hawajafika. Hili nalisema kwa yeyote anayepanga kwenda: kuanzia saa tano asubuhi hadi saa kumi jioni mabasi yanashusha watu, na kile kijiji chenye wakazi elfu tatu na kidogo kinakuwa cha kupishana mabega mbele ya maduka ya sumaku za friji. Asubuhi na jioni ni chako. Kuta zimepakwa chokaa nyeupe, milango imepakwa bluu au kijani, vyungu vya maua vimepangwa hadi kwenye vidato, paka wamelala juu ya kila kitu. Mwaka 1982 Frigiliana ilishinda tuzo ya kitaifa ya kupendezesha vijiji, na tangu hapo watu hawajaacha kupaka chokaa.

Kinachonivutia mimi ni vigae. Kwenye kuta za vichochoro kuna mabamba ya vigae vya kuchorwa yanayosimulia, moja baada ya jingine kadiri unavyopanda, vita vya mwaka 1569. Kwa ufupi ni hivi. Granada, ngome ya mwisho ya utawala wa Waislamu Hispania, ilipoanguka mwaka 1492, Waislamu wa eneo hili waliachwa kwanza na dini yao, kisha wakalazimishwa kubatizwa. Wakaitwa Wamorisko. Mwaka 1567 Mfalme Felipe wa Pili akapiga marufuku lugha yao, mavazi yao, hata mabafu yao ya kuogea. Krismasi ya 1568 uasi ukalipuka upande wa milima ya Alpujarras, na majira ya kuchipua yaliyofuata ukafika huku. Maelfu ya watu, pamoja na wake na watoto, wakapanda kwenye mwamba wa El Fuerte, ule mlima unaoning'inia juu ya kijiji. Tarehe 11 Juni 1569 jeshi la Luis de Requesens, lenye askari walioletwa kwa merikebu kutoka Italia, likaupanda mlima kutoka pande kadhaa na kuwashinda. Wanawake walipigana kwa mawe. Waliosalia walitekwa au kutawanyika, kijiji kikabaki kitupu, na baadaye wakaletwa Wakristo kutoka kwingine kukijaza.

Nilimtafsiria Shangazi kigae kwa kigae, kwa Kihispania changu cha programu ya simu. Alisikiliza mpaka mwisho, akatazama juu kwenye mlima, kisha chini bondeni ambako kuta za mawe zinabeba mashamba hatua kwa hatua mpaka mtoni.

"Haya mashamba ya ngazi ni ya wale waliofukuzwa, au ya waliokuja?"

"Mengi yalianzishwa na wale wa kwanza."

"Kwa hiyo aliyechimba ni mmoja, aliyevuna ni mwingine." Akaendelea kupanda.

Jumatatu

Siku hii ndiyo ningeirudia.

Kutoka uwanja wa Plaza del Ingenio kuna njia ya saruji yenye mteremko mkali inayoshuka moja kwa moja hadi mto Higuerón. Kusema mto ni heshima. Septemba ni mawe meupe na mchanga, na mahali pa kwanza hakuna tone. Unatembea ndani ya mto wenyewe, kuta za bonde zikisogeleana, misonobari juu, mioleanda pembeni. Baada ya mwendo fulani unasikia maji kabla ya kuyaona: yanapita juu yako, ubavuni mwa bonde, ndani ya mfereji.

Shangazi akasimama. "Mfongo!"

Wasomaji wa Kilimanjaro hawahitaji maelezo. Kwa wengine: Wachaga tangu zamani wanakinga maji juu kabisa, karibu na msitu, wanayapitisha kwenye mifereji inayofuata ubavu wa mlima kilomita nyingi hadi kwenye migomba. Ndiyo mifongo, na kila mfongo una ukoo wake, zamu zake na ugomvi wake. Hapa Hispania mfereji wa namna hiyo unaitwa acequia, na ufundi huo ulistawi enzi za utawala wa Waislamu. Wale walioletwa baada ya 1569 walikuta mifereji inafanya kazi. Serikali zilibadilika, maji yakaendelea kupita palepale.

Tulipanda hadi kwenye mfereji na kuufuata. Sehemu fulani umesakafiwa kwa saruji, sehemu nyingine ni udongo na mawe, mitini imeota ukingoni. Upana wake unavuka kwa hatua moja. Shangazi alichuma jani, akalitupa majini, akatembea sambamba nalo. Jani lilikwenda polepole, bila kukwama wala kukimbia.

"Umeona? Mteremko ni mdogo mno. Ukizidisha, maji yanakula udongo, mfereji unabomoka. Ukipunguza, tope linajaa. Aliyepima hapa alikuwa fundi, na hakuwa na mashine."

Mbele kidogo tulimkuta mkulima mwenye kofia ya majani, jembe la mpini mrefu begani. Mfereji ulikuwa na mlango wa maji, kipande cha bati kinachoteleza kwenye mifuo miwili ya chuma. Alilichomoa bati, akalizamisha upande wa pili kukatisha njia kuu, maji yakasita, yakajaa, yakageuka kuingia shambani kwake. Pembeni mwa bati palikuwa panavuja. Akachukua gunia lililolowa, akalikunja, akaligandamiza kwenye ufa kwa kisigino, kisha akasukumia tope kwa jembe. Shangazi alikuwa akimwangalia kwa jicho la mkaguzi. Alipoona upande wa kushoto bado unavuja, akamwonyesha kwa kidole. Yule mzee akatazama, akacheka, akaongeza tope.

Mazungumzo yaliyofuata yalikuwa ya mikono. Mzee aligusa saa yake, akainua vidole viwili: zamu yake ni ya muda wa saa mbili. Akaonyesha shamba la jirani chini yake, akafanya kama mtu anayelala, kisha anayeamka na tochi: huyo zamu yake ni usiku. Akaonyesha mwingine wa chini zaidi, akatikisa kichwa na kuvuta shavu. Huyo ni mwizi wa maji. Shangazi alicheka hadi akakaa kwenye jiwe.

"Kila mfongo una mtu wake kama huyo," akaniambia. Kisha akanyamaza kidogo. "Sisi wanawake tulikuwa hatuingii kwenye kikao cha mfongo. Kikao cha wanaume. Lakini maji yakikatika, nani anaulizwa kwa nini hakuna chakula?"

Mzee alitupa tini nne na kiganja cha lozi. Tulizila tukirudi, miguu ikiwa ndani ya maji ya mto mahali palipokuwa na dimbwi la kutosha vifundo.

Njiani kuna mabaki ya tanuri la chokaa, shimo la mviringo lililojengewa mawe ubavuni mwa kilima. Milima hii ni marumaru meupe na mawe ya jamii ya chokaa. Wenyeji walikuwa wakiyachoma kwa kuni za msitu siku na usiku mfululizo, wakauza chokaa pwani. Kwa hiyo ule weupe wa nyumba ambao kila mtu anaupiga picha umetoka kwenye mashimo haya. Kazi nyingine za milimani zilikuwa kugema utomvu wa misonobari, kukata nyasi za kusukia kamba, na kuendesha nyumbu. Hakuna iliyomtajirisha mtu.

Jumanne

Magoti yangu yaligoma, ya Shangazi hayakugoma. Tukatulia.

Alasiri tulikwenda El Ingenio, lile jengo kubwa la ukuta mpana linalotawala mlango wa kijiji. Lilijengwa mwishoni mwa karne ya 16 kama jumba la mabwana Manrique de Lara, waliopewa kijiji, kisha likageuzwa kiwanda cha miwa. Bado linafanya kazi, nalo husemekana kuwa ndicho kiwanda pekee kilichobaki Ulaya cha kutengeneza asali ya miwa, ile sharubati nzito nyeusi inayopatikana kwa kuchemsha maji ya miwa hadi yawe mazito. Miwa yenyewe ililetwa pwani hii na Waislamu, na kwa karne nyingi ndiyo iliyokuwa uti wa mgongo wa uchumi. Sasa imekwisha: mavuno ya mwisho ya sukari ya miwa kwenye pwani hii, upande wa Granada, yalikuwa 2006. Parachichi limechukua nafasi, maana linalipa zaidi, ingawa kiu yake si ndogo.

Usiku tulikula biringanya zilizokatwa vipande vyembamba, zikakaangwa na kumwagiwa asali hiyo. Chumvi, utamu, na uchungu kidogo kwa mbali. Shangazi alikula sahani yake na nusu ya yangu, ila akasema biringanya ikikaangwa hivyo si mboga tena, ni kitafunwa. Nakubaliana naye.

Jumatano

El Acebuchal. Teksi ilituacha pale barabara ya kwenda Torrox inapochepukwa na njia ya vumbi, nasi tukashuka kwa miguu zaidi ya saa moja kupitia msitu wa misonobari hadi bondeni. Asubuhi ile tuliwaona mbuzi mwitu wa milimani watatu, pembe zimejipinda nyuma, wamesimama kwenye jabali ambalo hata kenge angefikiri mara mbili. Shangazi aliwahesabu, akauliza ni wa nani. Si wa mtu, nikamwambia, hii ni hifadhi ya wanyama na misitu tangu 1999. Hakuridhika. Mbuzi asiye na mwenyewe hamwamini.

El Acebuchal ni kijiji kidogo sana, nyumba chache na kanisa dogo kwenye kona ya bonde. Zamani ilikuwa kituo cha waendesha nyumbu waliobeba samaki wa pwani kuvuka milima hadi Granada na kurudi na nafaka. Kisha vikaja vita vya wenyewe kwa wenyewe, 1936 hadi 1939, na baada ya vita baadhi ya walioshindwa wakaingia msituni kupigana na utawala wa dikteta Franco. Milima ya Almijara ilikuwa ngome ya kundi lililoongozwa na mtu aliyejulikana kwa jina la Roberto. Usiku wapiganaji waligonga mlango wakitaka mkate. Mchana askari wa Guardia Civil waligonga mlango huohuo wakiuliza mkate umekwenda wapi. Ukimpa huyu, yule anakuua. Mwaka 1948 serikali ikamaliza mjadala kwa kuwafukuza wakazi wote. Paa zikaanguka, mitini ikaota ndani ya vyumba, na kwa nusu karne watu wakapaita kijiji cha mizimu.

Mwaka 1998 familia moja iliyokuwa na asili ya pale ikarudi, ikaanza na nyumba moja. Hapakuwa na umeme wala bomba. Wengine wakafuata, na ndani ya miaka michache nyumba karibu zote zikasimama tena. Leo zinapangishwa kwa watalii, na kuna mkahawa mmoja unaooka mkate wake wenyewe. Ukutani wametundika picha za zamani, nyeusi na nyeupe: magofu, nyumbu, watu waliovaa suti zao za Jumapili.

Tulikaa nje. Mimi nilichukua nyama ya nguruwe mwitu, Shangazi akachukua mbuzi aliyepikwa kwa kitunguu saumu na lozi. Mbuzi huyu alikuwa na mwenyewe, hivyo hapakuwa na shaka. Alimaliza, akagonga mfupa kwenye sahani kutoa uboho, na mhudumu, kijana wa miaka ishirini hivi, akamletea kijiko chembamba kirefu bila kuombwa. Shangazi akamwita "mwanangu" na kumpa baraka zake zote.

Niliwaza sana juu ya wale waliofukuzwa mara mbili katika bonde moja, 1569 na 1948, ila wakati wa kupanda kurudi barabarani nilikuwa nawaza pumzi yangu tu.

Alhamisi

Cómpeta kwa teksi, kijiji kikubwa kidogo na cha juu zaidi, chenye divai tamu. Njiani tuliona vitanda vya kuanikia zabibu: mistatili iliyopangwa kwenye mteremko ikitazama jua, kila mmoja na kichwa cha ukuta mweupe cha pembe tatu. Zabibu za Moscatel zinavunwa kwa mkono, kwa sababu miteremko mingine haipitiki kwa trekta, zinabebwa na nyumbu, zinatandazwa chini, zinageuzwa, halafu zinakatwa punje moja moja kwa mkasi. Mwaka 2017 Shirika la Chakula na Kilimo la Umoja wa Mataifa liliuweka mfumo huu kwenye orodha ya urithi wa kilimo duniani. Heshima hiyo haijawarudisha vijana shambani. Walioinama siku ile wote walikuwa na mvi.

Dereva wa teksi ndiye hatimaye aliyejibu swali la Shangazi, bila kuulizwa. Alituonyesha upande wa magharibi lilipo bwawa la La Viñuela, kubwa kuliko yote mkoani Málaga. Mwanzoni mwa 2024, baada ya miaka ya ukame, lilibaki na maji chini ya asilimia kumi. Wakulima wakakata miparachichi wakabakiza visiki ili mizizi isife. Wengine wakang'oa kabisa. Mvua kubwa za Machi 2025 zikalipa maji mengi tena na watu wakaanza kupanda upya. Shangazi alitikisa kichwa pale aliposikia neno kupanda. "Wamesahau upesi," akasema. "Mzabibu ungevumilia."

Tulinunua kilo ya zabibu kavu zenye mbegu. Zina ladha ya asali na maganda magumu kidogo, hazifanani na zile za pakiti.

Ijumaa

Nerja, siku ya mwisho, mizigo tumeiacha kwa mwenye mgahawa mmoja kule juu.

Tulianza na mapango. Tarehe 12 Januari 1959 vijana watano wa kijiji cha Maro walikwenda kuwinda popo kwenye shimo, wakajikuta ndani ya ukumbi wenye mifupa ya watu na vyungu. Leo unashuka ngazi zenye taa hadi kwenye vyumba ambavyo kanisa la San Antonio lingeingia na mnara wake. Nguzo kubwa ya katikati, mwamba ulioning'inia kutoka juu ukakutana na ule ulioota kutoka chini, ina urefu wa mita 32. Shangazi hakupenda giza, ila alipoambiwa kwamba yote yale yametengenezwa na tone la maji ya mvua linalopenya kwenye marumaru, akaweka kiganja chini ya mwamba uliokuwa ukidondosha na kusubiri. Tone likachelewa sana. Kundi letu likapita, mlinzi akatukohoa, ndipo likadondoka.

Si mbali na hapo, kwenye barabara ya zamani ya Maro, kuna daraja la maji, Acueducto del Águila: matao 37 ya matofali mekundu, ghorofa nne za matao, yamekatisha korongo. Lilijengwa 1879 hadi 1880 kupeleka maji kwenye kiwanda cha sukari cha Maro. Kiwanda kimekufa, daraja la maji bado linamwagilia mashamba. Watu wengi wanapiga picha ya matao na kuondoka. Shangazi alikuwa anatafuta jambo jingine: maji yanaingilia wapi na yanatokea wapi, na alinizungusha hadi alipoona upande mmoja kijani cha parachichi kinaanzia palepale daraja linapoishia.

Kituo cha mwisho Burriana, ufukwe wa mchanga wa kijivu chini ya majabali. Nilikodi kayaki ya mtu mmoja, Shangazi akabaki kivulini na sahani ya dagaa wa kuchomwa kwenye kijiti. Nilipiga kasia mashariki chini ya miamba hadi pale maji ya chemchemi ya Maro yanapoporomoka kutoka juu na kuanguka moja kwa moja baharini. Ukisogeza kayaki chini yake unapigwa na baridi ya ghafla, huku mkono ulio ndani ya bahari bado una joto. Nilionja. Matamu, kama ya bomba la kijijini. Niliporudi nikamsimulia, naye akauliza swali moja: kwa nini wanayaacha yamwagike?

Kwa anayetaka kwenda. Basi dogo la Nerja hadi Frigiliana ni la mara kwa mara siku za kazi, Jumapili hupungua, kwa hiyo angalia ratiba kabla hujashuka ufukweni. Mto Chillar, wa jirani, ambao mitandao inausifia kwa matembezi ya ndani ya maji, umekuwa ukifungwa na halmashauri kwa ajili ya moto na msongamano, usiupangie safari nzima bila kuuliza. Viatu viwe vya kushika, maana kokoto za Barribarto zikilowa huteleza. El Fuerte ni kupanda kwa nusu siku na huko juu hakuna kivuli wala maji, beba lita mbili. Na mwenye magoti mabaya apange nyumba chini, karibu na Plaza del Ingenio. Akipata ya bei nafuu kule juu ajue sababu yake ni ngazi, na ngata aje nayo.